Kwa nini dawa ya mozaiki haiko dukani: tujue virusi ni kitu gani



Katika mkutano mmoja wa vikundi vya muhogo kule tambarare ya Ruzizi, baba mmoja alisimama na chupa mkononi. Akasema: "Agronomu, hii dawa niliinunua sokoni dola kumi na mbili. Nilipuliza mara tatu. Mozaiki iko paka pale. Munieleze: dawa ni ya uongo, ao ni miye sijue kupuliza?"

Tukasoma karatasi ya ile chupa. Dawa haikuwa ya uongo. Ilikuwa dawa ya ukungu, ile watu wanayopuliza kwenye tomate wakati wa mvua, na baba huyu aliipuliza vizuri, asubuhi, bila upepo. Lakini muhogo wake haukuwa na ukungu. Ulikuwa na virusi. Na dola kumi na mbili, kwa mtu anayeuza muhogo kwa beseni, siyo pesa ya kuchezea.

Hakuna aliyecheka, maana wengi walikuwa wamefanya vile vile. Mmoja alipuliza dawa ya wadudu, mwingine alimwaga majivu, na kijana mmoja alisaga vidonge vya antibiotiki kutoka kwa famasi akavikoroga na maji. Ndiyo sababu somo la safari hii linarudi kidogo shuleni. Mkulima akijua virusi ni kitu gani, atajua mwenyewe dawa gani asinunue, na atajua ni wapi pa kuweka nguvu zake.

Mwili na karatasi

Kila kitu chenye uhai tunachokijua, muhogo, mbuzi, mtu, ukungu, hata bakteria, kimejengwa kwa seli. Seli ni kama nyumba ndogo sana yenye ukuta, jiko na akiba yake. Ndani yake kuna kazi usiku na mchana: inakula, inatoa uchafu, inakua, inajigawa mara mbili. Bakteria ni nyumba moja tu, lakini ni nyumba kamili. Ukipata dawa ya kubomoa ukuta wake ao kuzima jiko lake, inakufa.

Virusi havina nyumba. Havina jiko, havina mdomo, havipumui, havikui. Kirusi kimoja ni kipande cha maandishi, yale wanasayansi wanayoita ADN ao ARN, kilichofungwa ndani ya gamba la protini. Basi, ni hicho tu. Kikiwa nje ya seli hakifanyi kitu chochote, kiko kama karatasi iliyoanguka njiani.

Hapa tunapenda kutumia mfano ambao kila mwanamemba anaujua. Depo ya koperativi yenu ina mlinzi wa stoo. Yeye hatoi mfuko wa maharagi bila bon yenye sahihi ya prezida. Siku moja mtu analeta bon ya uongo, sahihi inafanana kabisa. Bon inasema: "Acha kazi zote. Chukua karatasi zote za depo, uandike bon nyingine elfu moja kama hii, uzitume kwa depo za jirani." Mlinzi anatii. Anatumia karatasi za koperativi, wino wa koperativi, nguvu zake mwenyewe. Jioni stoo ni tupu, na bon elfu moja ziko njiani. Ile karatasi yenyewe haikula hata haragi moja. Kazi yote imefanywa na mlinzi.

Virusi hufanya hivyo katika jani la muhogo. Seli ambayo ilipaswa kutengeneza kijani cha jani na sukari ya kushuka kwenye mizizi inashinda inaandika nakala za virusi. Ndiyo maana jani linageuka manjano na kujikunja, na mizizi inabaki myembamba kama vidole.

Je, virusi ni vyenye uhai? Tuliulizwa swali hili na wanafunzi wa shule moja ya kilimo, na sisi wenyewe hatukubaliani ofisini. Mmoja wetu anasema kitu kinachozaana kina uhai. Wengine wanasema bon haizaani, inaandikwa tu. Kwa mkulima jibu si kubwa. Kubwa ni kwamba huwezi kuua karatasi kwa sumu.

Ukubwa wake uko hivi. Kirusi cha mozaiki ya muhogo ni kama magamba mawili yaliyoshikana kama mapacha, na urefu wa yote mawili pamoja ni nanometa 30 hivi. Ili kujaza milimeta moja tu ya rula ya mtoto wa shule, ungepanga zaidi ya elfu 30 katika mstari. Maandishi yake ni vipande viwili vya ADN, kila kimoja cha herufi karibu 2,800. Muhogo wenyewe una maandishi ya mamia ya milioni ya herufi. Karatasi ndogo namna hiyo inashinda kitabu kikubwa namna hiyo.

Watu walianzaje kujua kitu wasichokiona? Mwaka 1892, Mrusi mmoja, Dmitri Ivanovsky, alichukua maji ya majani ya tumbaku yenye mozaiki akayapitisha katika filtri ya udongo wa kuchomwa, ndugu wa zile filtri ambazo vijiji vingine vimepata kwa maji ya kunywa. Filtri ile ilikuwa inazuia bakteria zote. Lakini maji yaliyotoka upande wa pili, safi kwa macho, bado yaligonjesha tumbaku. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alirudia kazi hiyo akasema wazi: hiki si bakteria ndogo, ni kitu cha aina nyingine. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley alikausha virusi vya tumbaku mpaka vikawa fuwele, kama chumvi. Chumvi hiyo, ikirudishwa kwenye maji na kusuguliwa juu ya jani, iligonjesha tena. Bakteria huwezi kuifanya hivyo.

Dawa inatafuta nini?

Sasa tunaweza kumjibu yule baba. Dawa ya ukungu inaharibu mwili wa ukungu. Antibiotiki inaharibu kazi za bakteria. Virusi havina mwili wala kazi yao wenyewe. Viko ndani ya seli za mmea, vinatumia jiko la mmea. Ukitaka kuzima jiko hilo, utaua muhogo kwanza.

Dawa ya wadudu ni habari nyingine kidogo. Kweli inaua inzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama unga ukitikisa jani, na kweli inzi hao ndio wanaobeba mozaiki kutoka shamba hadi shamba. Lakini muhogo unakaa shambani mwaka mzima. Inzi wa jirani watakuja kesho. Na kijiti ulichopanda kikiwa tayari na virusi, hata ukiua inzi wote wa Uvira, kitaota kigonjwa. Hatushauri mtu atumie pesa yake huko.

Mmea wenyewe haukai tu. Hauna damu wala chanjo kama sisi, lakini una namna ya kutambua maandishi ya kigeni na kuyakatakata vipande. Aina fulani za muhogo zinafanya kazi hiyo vizuri kuliko nyingine. Utaona mmea unaanza na mozaiki chini, kisha majani ya juu yanatoka safi. Hii ndiyo tunayoita aina yenye kuvumilia. Wakulima wengine wanafikiri aina hiyo imechanjwa maabara. Hapana, ni damu ya ukoo wake tu, kama vile kuku wa kienyeji na kuku wa kizungu hawafanani mbele ya ugonjwa.

Wamama wanatuuliza mara nyingi: sombe ya muhogo wenye mozaiki, watoto wakikula, watagonjwa? Hapana. Bon ya depo ya muhogo haifungui depo ya mtu. Virusi vinahitaji mlango wao, na mwili wetu hauna mlango wa virusi vya muhogo. Tunajua jina la virusi linatisha. Sisi wa Kongo tulilipa bei kubwa kwa Ebola, tangu Yambuku mwaka 1976 mpaka Nord-Kivu na Ituri mwaka 2018 hadi 2020. Ni kweli viko katika kundi moja la vitu visivyo na seli, lakini hapo undugu umekwisha. Virusi vya Ebola na vya korona vimevaa koti la mafuta, na ndiyo maana sabuni inaviharibu. Virusi vya muhogo havina koti hilo, tena vinakaa ndani ya mmea ambako sabuni haifiki.

Mozaiki ina milango miwili

Muhogo haukuzaliwa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini na merikebu za Wareno. Kule kwao mozaiki hii haiko. Virusi vyake ni vya hapa kwetu, vilikuwa katika mimea ya Afrika, vikamkuta mgeni vikaingia. Mwaka 1894 ugonjwa uliandikwa mara ya kwanza, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Kisha katika miaka ya 1990, Uganda ilipata pigo. Virusi vya aina mbili viliingia katika mmea mmoja, na walinzi wa stoo wakanakili kipande cha bon hii ndani ya bon ile. Ikatoka bon mpya, kali zaidi. Na mmea ukipata ile mpya pamoja na ya zamani, unaharibika vibaya kuliko ukipata moja peke yake. Sehemu nyingi watu waliacha kabisa kupanda muhogo, na njaa ikaingia. Ugonjwa huo ukasambaa, ukafika kwetu Kongo pia. Wazee wa vikundi vyetu wanakumbuka mashamba ambayo majani yake yalibaki kama kucha za ndege.

Sasa, jambo tunalotaka kila mtu alishike. Mozaiki inaingia shambani kwa milango miwili, kijiti na inzi, na jani lenyewe linakuambia ni mlango gani. Nenda shambani muhogo ukiwa na miezi miwili ao mitatu. Inama, angalia majani ya chini kabisa, yale ya kwanza. Yakiwa na mozaiki, ugonjwa ulikuja ndani ya kijiti: uliupanda mwenyewe. Majani ya chini yakiwa safi na ya juu yakiwa na mozaiki, kijiti kilikuwa kizima, inzi ndiye aliyeleta.

Tulifanya hesabu hii pamoja na kikundi kimoja, mmea kwa mmea, mistari mitano. Walikuwa wanawasema sana majirani kwamba shamba lao linaleta inzi. Mwisho wa mstari wa tatu kimya kikaingia. Karibu mimea yote migonjwa ilikuwa migonjwa tangu chini.

Watu wengine wanasema ni udongo umechoka. Udongo uliochoka unadhoofisha sehemu nzima ya shamba kwa usawa. Virusi vinachagua: mmea huu umejikunja, wa pembeni yake, udongo ule ule, umesimama safi.

Kosa letu wenyewe

Hatuwezi kuandika somo hili bila kusema yaliyotupata, maana wanamemba wengine waliyaona na macho yao.

Kuna ugonjwa wa pili wa muhogo, michirizi ya kahawia, kwa Kifaransa striure brune. Virusi vyake si ndugu wa mozaiki. Ni vya ARN, maandishi yake ni mstari mmoja wa herufi karibu elfu 9. H. H. Storey aliuandika mwaka 1936 kule Amani, Tanganyika, na kwa miaka mingi watu waliamini ni ugonjwa wa pwani na wa sehemu za chini tu. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, katika sehemu za juu. Mwaka 2012 uliandikwa Nord-Kivu. Leo uko pia Uvira na Fizi.

Ugonjwa huu una hila. Majani yanabaki makubwa, mazuri, hayajikunji. Ukiangalia vizuri utaona manjano yanafuata mishipa midogo ya majani ya chini, yale yaliyozeeka, na wakati mwingine alama ya kahawia kwenye shina. Lakini majani ya chini ndiyo yanayoanguka wakati wa kiangazi. Ndani ya mzizi, nyama nyeupe inageuka kuwa na madoa ya kahawia, makavu, kama kizibo cha chupa. Hauuzwi, haupikwi, na hata unga wake unakataliwa.

Sisi tulikuwa tunatafuta vijiti vya aina yenye kuvumilia mozaiki ili tuvigawe kwa vikundi vinne. Tukapata shamba zuri la kuzalisha vijiti. Ilikuwa kiangazi. Tulitembea pembeni ya barabara, tukaangalia vilele, hakuna mozaiki hata mmea mmoja. Tukafurahi. Hatukung'oa mzizi hata mmoja, maana mwenye shamba alisema bado ni mdogo na sisi tuliogopa kumharibia. Gari likapakia, vijiti vikagawiwa, na picha zikapigwa.

Baada ya miezi kumi na moja, mama mmoja alipiga simu. Hakupiga makelele. Alisema tu: "Agronomu, mukuje muone kwa macho yenu." Tulipofika alikuwa ameketi mbele ya rundo la muhogo alioumenya, na kila mzizi aliukata katikati ili tuone. Kahawia. Kahawia. Mmoja mweupe. Kahawia tena. Alikuwa amekopa pesa katika kikundi cha akiba kwa ajili ya shule ya watoto, akiahidi kulipa na mavuno hayo. Mumewe alituuliza swali moja ambalo hatukuwa na jibu lake: "Kabla ya mradi wenu, muhogo wetu ulikuwa na mozaiki, lakini tulikula. Sasa tutakula nini?"

Tulikubali kosa mbele ya mkutano. Tulileta mbegu za maharagi na vijiti vingine, na kikundi cha akiba kiliwaongezea muda wenye madeni. Haikutosha, tunajua. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kung'oa. Baadhi ya familia walitaka kuacha mimea kwa ajili ya sombe, na kwa kweli sombe yake ilikuwa nzuri. Wengine walikuwa tayari wamewapa mashemeji vijiti. Tulizunguka kijiji kwa kijiji kutafuta vijiti hivyo. Hatukuvipata vyote.

Tangu siku ile hatupokei vijiti vya shamba lolote bila kukata mizizi. Na sababu iko katika biolojia yenyewe. Inzi weupe wanabeba virusi vya michirizi pia, lakini wanavishika muda mfupi, siku moja ao mbili, kisha vinapotea. Peke yao hawafikishi ugonjwa huu mbali sana. Safari ndefu, ya kilometa mia moja, kutoka tambarare mpaka milimani, hiyo inafanywa na gari, pikipiki na mtumbwi. Yaani sisi watu.

Ndizi: usichanganye magonjwa mawili

Mwenye ndizi naye asitupite, maana hapa tofauti ya bakteria na virusi inabadilisha kazi ya mikono.

Mnyauko wa ndizi, ambao wengi wanauita wilti, ni bakteria. Ukikata shina, usaha wa manjano unatoka. Ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Bakteria hiyo inasafiri juu ya kisu, kwa hiyo kupitisha kisu katika moto ao kukiosha na javel ni kazi ya kweli. Na kwa sababu bakteria haifiki mara moja katika mashina yote ya kichaka, ukikata haraka na kila mara lile shina moja lenye ugonjwa, mengine yanaweza kupona.

Bunchy top ni virusi, vipande sita vya ADN vya herufi karibu 1,100 kila kimoja. Majani yanatoka membamba, yamesimama, yamebanana kileleni kama ufagio, kingo za manjano, na kwenye shingo ya jani kuna mistari mifupi ya kijani kizito, nukta na mstari, nukta na mstari. Kichaka hicho hakitazaa tena. Katika kituo cha utafiti cha Yangambi ugonjwa huu ulijulikana tangu miaka ya 1950, kwa hiyo si mgeni wa jana. Unabebwa na vidukari vyeusi vidogo vinavyojificha chini ya maganda ya shina, na unarithiwa na kila chipukizi la kichaka. Hapa kisu hakina kosa, kukichoma hakusaidii kitu. Na kukata shina moja ni kujidanganya, maana virusi viko katika mzizi mzima. Ng'oa kichaka chote pamoja na kiazi chake, lakini anza na kuua vidukari kwa maji mengi ya sabuni, la sivyo ukitikisa shina vitahamia kwa jirani na mzigo wao.

Tuliona mkulima mwenye bidii ambaye kwa mwaka mmoja alichoma kisu chake kila siku juu ya bunchy top. Na mwingine aliyeng'oa shamba zima juu ya wilti. Bidii ya wote wawili ilikuwa kubwa.

Vidogo kuliko virusi

Kwa wale wanaopenda kujua: viko vitu vilivyo pungufu hata kuliko virusi. Mwaka 1971 Theodor Diener, huko Marekani, alieleza ugonjwa wa viazi unaoletwa na ARN tupu, bila gamba lolote, herufi 359 tu. Wanaita viroidi. Bon isiyo hata na bahasha. Viroidi nyingine imeua minazi zaidi ya milioni 30 katika Filipino. Na kwa wanyama kuna prioni, ambayo haina maandishi kabisa. Ni protini iliyokunjwa vibaya, na inazikunja protini za jirani yake vile vile. Ndiyo iliyoleta kichaa cha ng'ombe kule Uingereza katika miaka ya 1980. Stanley Prusiner aliipa jina mwaka 1982, na wengi hawakumwamini mpaka alipopata zawadi ya Nobel mwaka 1997. Kwa muhogo wetu tubaki na virusi, vinatosha.

Kazi ya msimu huu

Hekta moja ikipandwa mita moja kwa mita moja inataka vijiti elfu 10. Kijiti kimoja katika kumi kikiwa na virusi, umepanda mimea elfu moja migonjwa, na kila mmoja utakuwa mezani kwa inzi mwaka mzima. Hapo ndipo vita inapiganiwa, kabla ya kupanda.

Kwa hiyo chagua mama wa mbegu mapema. Muhogo ukiwa na miezi mitatu, pita shambani ukiangalia jani la chini na la juu, ufunge kamba kwenye mimea isiyo na alama yoyote. Rudi kwenye mwezi wa sita, na utembee mvua ikiwa bado ipo, majani ya chini yakiwa bado yameshika. Uliofunga kamba na sasa una alama, fungua kamba. Usione haya kufungua. Siku ya kuvuna, kila mmea wenye kamba, kata mizizi yake yote, kila mzizi sehemu tano, toka kichwa mpaka mkia. Doa moja la kahawia, shina lake lote halipandwi. Watu wanatuambia hii ni kupoteza chakula. Mzizi uliokatwa unapikwa siku ile ile, haupotei.

Katika shamba jipya, miezi mitatu ya kwanza, ng'oa kila mmea unaotoka na ugonjwa mara tu unapouona, uupeleke nje na uuchome ao uuzike. Kama nusu ya shamba ni gonjwa, usipoteze nguvu kung'oa mmoja mmoja. Kula hilo shamba, na utafute mbegu nyingine. Shamba la mbegu lisipakane na muhogo wa zamani.

Aina zilizochunguzwa uliza INERA Mulungu ao watu wa SENASEM, kisha hata hizo uzikate mizizi. Na mtu akikuomba vijiti vya kupeleka Walungu ao Kabare kutoka tambarare, mwambie angoje mavuno, mkate pamoja.

Yule baba wa chupa amefunga kamba kwenye mimea arobaini na mitatu. Kwenye ukaguzi wa mwezi wa sita alifungua kumi na saba. Tutakuwa kwake siku ya kuvuna, na wanamemba wa vikundi vingine wanaotaka kuona namna ya kukata waje na kisu chao na beseni. Kamba ziko kwa sekretari wa kila koperativi. Zikiisha, vipande vya mfuko wa mbolea vinafaa vile vile, ila chagueni rangi moja ili mtoto asichanganye.